Vya kuongezea kwenye ubao wa shakuteri: nitengeneze nini nyumbani, na nianze siku gani?

Dada_Milimani (Nakuru)

Habari zenu wapishi. Jumamosi ijayo saa kumi jioni nina wageni 20, na meza kuu itakuwa ubao wa nyama baridi na jibini. Nyama nitanunua: hemu, salami, na nyama ya ng'ombe ya moshi kwa wasiokula nguruwe. Jibini ni gauda na cheda. Ninachotaka kutengeneza mwenyewe ni vya pembeni: achari, jemu, haradali, biskuti za chumvi, na jibini laini ya kupaka. Nina oveni ndogo ya stima, friji, blenda, mizani na kipimajoto cha jikoni.

Naomba kujua kipi kianze mapema na kipi kingoje Ijumaa. Pia, mapishi karibu yote yanasema jemu ifike nyuzi 104 au 105. Huku kwetu juu namba hiyo inafaa? Na kuna nini hapa sokoni cha kushika nafasi ya tini na zeituni, ambazo bei yake haishikiki?

Mwiko_wa_Njoro

Dada, nianze na swali la nyuzi kwa sababu ndilo linaloharibu jemu nyingi huku kwetu. Usifuate 104. Hiyo ni namba ya usawa wa bahari, ambako maji yanachemka kwa nyuzi 100. Jemu hushika ikifika nyuzi 4 hadi 5 juu ya pale maji yanapochemkia mahali ulipo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na maji huchemka kwenye 94 hivi, kwa hiyo jemu yako iko tayari kwenye 98 au 99. Ukingoja 104, maji mengi yatakuwa yameshakauka, sukari imeanza kushika chini ya sufuria, na ikipoa unapata kitu cha kutafunwa kama tofi. Kisumu, mita 1,130 hivi, maji huchemka karibu 96, basi jemu ni 100 au 101.

Hata hivyo usikariri hizo namba. Chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto bila kugusa chini ya sufuria, soma, ongeza nne na nusu. Kwa njia hiyo unakuwa umekipima na kipimajoto chenyewe, maana vingi vya bei nafuu hukosea nyuzi mbili tatu. Halafu weka kisahani kwenye friza. Jemu ikikaribia, dondoshea tone moja, ngoja dakika moja, lisukume kwa kidole. Uso wake ukijikunja makunyanzi, zima moto. Kidole kikipita na jemu ikarudi kufunga njia, rudisha motoni dakika tatu nyingine.

Kuhusu cha kushika nafasi ya tini, jibu langu ni mapera. Wabrazili hula mapera yaliyopikwa na sukari hadi yakaganda, goiabada, pamoja na jibini, na gauda yako inayapokea vizuri sana. Yapo tele kuanzia Busia hadi Vihiga, na Nakuru hufika sokoni kwa ndoo. Chagua ya nyama nyekundu kwa ajili ya rangi. Chukua kilo 1, robo yake yawe hayajaiva sawasawa, kwa sababu pera bichi lina pektini na ukali zaidi, na hivyo ndivyo vitakavyoligandisha.

Osha, kata vipande vinne, usimenye. Chemsha na maji ml 250 kwa dakika 20 hadi yalainike kabisa, kisha yapitishe kwenye chujio la waya ukisukuma kwa mwiko ili mbegu zibaki. Usisage mbegu kwenye blenda: zinapasuka na uji unakuwa na mchanga. Pima uji uliopata, kwa kawaida gramu 600 hadi 700. Kwa kila gramu 100 za uji weka sukari gramu 75, na kwa sufuria nzima maji ya limau ml 30.

Pika kwa moto mdogo, sufuria nzito, mwiko wa mkono mrefu, na mkono ufunikwe kwa sababu uji huo hurusha matone yanayounguza. Dakika 20 za kwanza unakoroga mara kwa mara, baadaye hauachi. Huhitaji kipimajoto hapa. Buruta mwiko katikati ya sufuria: mwanzoni mfereji unajifunga hapo hapo, baadaye unabaki wazi kwa nukta mbili tatu na unaona chini ya sufuria, na uji wote unaanza kuzunguka na mwiko kama bonge moja, rangi ikiwa imetoka waridi hadi nyekundu ya matofali. Hapo mimina kwenye trei yenye karatasi ya kuokea iliyopakwa mafuta, unene wa sentimita 2. Acha hadi kesho yake, kata vipande vya mraba. Kwenye chombo kilichofungwa ndani ya friji linakaa wiki kadhaa, kwa hiyo lianze hata leo.

Likikataa kuganda, ama mapera yote yalikuwa yameiva mno, ama ulipunguza sukari. Rudisha motoni na limau lingine nusu.

Achari_Kibuye (Kisumu)

Mwiko amelimaliza la utamu. Mimi niseme la ukali, maana ubao wenye hemu, salami na cheda ni mafuta na chumvi tupu, na bila siki mgeni anachoka baada ya vipande vitatu.

Kwanza soma lebo ya siki. Unataka iliyoandikwa asidi ya asetiki asilimia 5. Zipo za asilimia 4 kwenye rafu hiyo hiyo, na zipo chupa zisizosema chochote. Hizo za mwisho ziache. Mapishi yangu yote ni nusu siki nusu maji kwa siki ya 5. Ukipata ya 4, changanya siki ml 310 na maji ml 190 ili nusu lita yako iwe na ukali ule ule.

Vitunguu vyekundu: gramu 500, kata pete za milimita 3. Chemsha siki ml 250, maji ml 250, sukari gramu 30, chumvi gramu 12, punje 10 za pilipili manga na kijiko kidogo cha mbegu za dania. Mimina ya moto juu ya vitunguu kwenye chupa ya mdomo mpana. Ndani ya nusu saa vinageuka waridi kali. Rangi ya kitunguu ndivyo inavyofanya ikikutana na asidi. Vinalika kesho yake, na vinakaa friji wiki mbili tatu vikiwa bado vina mlio.

Matango ndiyo yanayowashinda watu, yanalainika. Sababu ni mbili. Ile ncha ilikotoka ua ina vimeng'enya vinavyolainisha nyama ya tango, kwa hiyo kata milimita 3 uitupe. Ya pili ni siki ya moto. Kata matango madogo magumu vipande vya milimita 5, nyunyizia chumvi gramu 20 kwa kilo, acha kwenye friji saa moja au mbili, mwaga maji yaliyotoka, suuza haraka, kausha kwa taulo. Kisha mimina siki ile ile ikiwa imepoa kabisa. Matango mazito yaliyojaa mbegu hayafai kwa kazi hii hata ufanyeje.

Karoti na koliflawa: chovya kwenye maji yanayochemka dakika moja, ziingie maji baridi, ndipo siki. Na badala ya zeituni, chukua maembe mabichi madogo, menya, kata vijiti, gramu 400 kwa chumvi gramu 10 usiku mzima, kisha siki. Yana ule ukali wenye chumvi ambao zeituni huleta.

Siki ikichafuka kidogo usiogope kama ni chumvi ya mezani uliyotumia. Dawa ya kuzuia isigande ndiyo inayofanya ukungu huo. Chumvi ya mawe haifanyi hivyo. Lakini povu, utelezi au harufu ngeni, mwaga yote bila kuonja.

Haradali ianze leo vilevile. Mbegu gramu 100, nusu za manjano nusu za kahawia, kwenye maduka ya viungo ya Kihindi utazikosa mara chache. Loweka kwenye siki ml 120 na maji baridi ml 60, saa 24 hadi 48, juu yake ibaki unyevu. Zikinywa yote ongeza siki kidogo. Saga kwenye blenda, acha nusu ya mbegu zikiwa nzima, tia chumvi kijiko kidogo kimoja na asali vijiko vikubwa viwili. Ukionja siku hiyo itakuwa chungu, na wengi huitupa hapo. Iache friji siku tano au zaidi, uchungu unashuka na mwasho unabaki. Usitumie maji ya moto: kile kimeng'enya kinachotoa mwasho hufa kwa joto, na haradali inabaki na uchungu bila nguvu.

Dada_Milimani (Nakuru)

Asanteni sana, mapera yako jikoni tayari. Naongeza matatu. Vitunguu saumu vilivyookwa na kuzamishwa kwenye mafuta, naweza kuviandaa sasa hivi? Jibini laini, maziwa lala yanaweza kufanya kazi ya yogati? Na biskuti za chumvi, zitabakije kavu hadi Jumamosi?

Achari_Kibuye (Kisumu)

La vitunguu saumu, hapana, dada. Usiviandae sasa. Kitunguu saumu hutoka udongoni na kinaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Wanapenda mahali pasipo hewa na pasipo asidi, na mafuta yanawapa vyote viwili. Kuoka jikoni hakuziui mbegu hizo, na sumu yake haina harufu wala haibadilishi rangi ya chakula. Oka Ijumaa, tia mafuta, weka friji mara moja, toa wakati wa kula, na kinachobaki kiishe ndani ya siku nne tangu ulipookea. Pilipili hoho za kuchomwa zilizowekwa mafuta zinafuata sheria hiyo hiyo.

Na kwa yeyote anayetaka kuweka achari au jemu kabatini badala ya friji: chupa zichemshwe zikiwa zimefungwa na kuzama kwenye maji. Jemu ni dakika 10 Kisumu na 15 Nakuru. Achari ya siki ni 15 Kisumu na 20 Nakuru, kwa chupa za nusu lita kushuka. Mahali pa juu maji yanachemka bila kuwa na moto wa kutosha, ndiyo maana muda unaongezwa. Wewe unayekula Jumamosi, friji inatosha.

Tanuri_Kakamega

Biskuti za chumvi. Unga wa ngano gramu 150, unga wa wimbi gramu 100, simsim gramu 40, chumvi gramu 6, mafuta ya kupikia ml 60, maji ml 90 hadi 100. Usizidishe wimbi, kwa sababu halina gluteni na donge litapasuka ukilisukuma. Changanya, funika, lipumzike dakika 30. Ukiruka mapumziko hayo, donge linarudi nyuma kila unapolisukuma na unaishia na biskuti nene.

Sukuma kati ya karatasi mbili za kuokea hadi milimita 2. Hapa ndipo biskuti zinapoharibikia: ukingo unakuwa mwembamba, katikati nene, ukingo unaungua wakati katikati bado ni chapati. Weka vijiti viwili vya unene sawa kulia na kushoto, kifimbo kipite juu yake. Choma matundu kwa uma kila sentimita mbili ili zisivimbe, kata, oka nyuzi 180 kwa dakika 15 hadi 18. Oveni ndogo za stima huwa kali upande wa nyuma, geuza trei katikati ya muda.

Zipoe kabisa kwenye waya, kisha vunja moja. Ikitoa mlio mkavu, sawa. Ikipinda kwanza ndipo ivunjike, rudisha zote kwenye nyuzi 140 dakika 10. Zifungie kwenye bati lenye kifuniko kinachobana, zikiwa baridi. Biskuti yenye uvuguvugu ikifungiwa inajitilia unyevu wake yenyewe. Oka Alhamisi. Kama siku hiyo Nakuru itakuwa na mvua, zirudishe ovenini dakika 5 Jumamosi mchana.

Asiye na oveni atumie sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, trei ndogo ikiinuliwa juu ya mawe matatu ndani. Zinaiva vizuri, ila kwa mafungu madogo.

Karanga: chambua kwanza. Zilizokunjamana, zenye madoa au zilizobadilika rangi zitoke, kwa sababu huko ndiko sumu ya aflatoksini hukaa na kukaanga hakuimalizi. Gramu 250 za karanga au korosho, ute wa yai moja uliopigwa kidogo, sukari gramu 50, chumvi kijiko kidogo, pilipili kavu ya kusaga nusu kijiko. Nyuzi 150, dakika 20 hadi 25, koroga mara mbili. Zikitoka zitakuwa laini, zinakauka zikipoa.

Maziwa_Molo

Maziwa lala yanafaa, dada, mradi hayana sukari wala ladha ya kuongezwa. Tofauti ni kwamba yana maji mengi kuliko yogati, kwa hiyo chukua lita moja na nusu pale ungetumia lita moja ya yogati. Tia chumvi gramu 5 kwa lita, mimina kwenye kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, funga, ning'iniza juu ya bakuli ndani ya friji saa 24. Usining'inize nje usiku kucha, ukali unapanda kupita kiasi. Unapata gramu 350 hadi 450 za labne, yaani jibini laini ya kuchuja, nzito ya kupaka. Kitambaa kikiwa na matundu makubwa, jibini yenyewe inapita na maji. Kunja mara nne.

Maji yanayodondoka yakiwa meupe kama maziwa, kitambaa ni chepesi mno. Yanatakiwa kuwa ya kijani-manjano, karibu angavu.

Igawe mara mbili. Nusu ya kwanza, nyunyizia pilipili manga na asali ya Baringo juu yake. Nusu ya pili changanya na samaki wa moshi, mbuta au ngege: gramu 150 za nyama iliyochambuliwa miba, labne gramu 150, maji ya limau kijiko kikubwa, kitunguu kidogo kilichokatwa laini sana. Chumvi usiweke kabla ya kuonja, samaki wa moshi huwa ameshaitwaa. Chambua miba kwa vidole chini ya mwanga mzuri, halafu rudia. Bakuli hilo liwe mbali na jibini kwenye ubao, la sivyo gauda yote itanuka moshi. Omena wa kukaanga naona wengine wanamweka ubaoni. Mimi ningemweka kwenye sahani yake, meza nyingine kabisa.

Kama una nguvu, ongeza pate ya maini ya kuku. Maini gramu 500: kata kila doa la kijani, ni nyongo, na moja tu linatia uchungu sufuria nzima. Kaanga kitunguu gramu 100 kwenye siagi gramu 50 hadi kilainike bila kugeuka kahawia, tia maini, moto wa wastani, hadi katikati pafike nyuzi 74. Yatoe hapo hapo. Ukiyaacha motoni yanakuwa makavu na pate inatoka na chembechembe ambazo blenda haiziondoi. Saga yakiwa ya moto na siagi nyingine gramu 100 na chumvi gramu 7, pitisha kwenye chujio, mimina kwenye bakuli, funika uso kwa siagi iliyoyeyushwa, maana hewa ikiigusa inageuka kijivu. Tengeneza Alhamisi, iliwe kabla ya siku nne.

Mwiko_wa_Njoro

Basi siku zako ziko hivi: mapera na haradali leo, vitunguu, maembe na karoti Jumatatu au Jumanne, matango Jumatano, labne itundikwe Alhamisi, siku ya biskuti na pate, vitunguu saumu Ijumaa, samaki achanganywe Jumamosi asubuhi.

Kwa watu 20, kama kuna chakula kingine baadaye, kilo 1.2 ya nyama, kilo 1 ya jibini, gramu 600 za achari zilizochujwa, gramu 400 za mapera na jemu kwa pamoja, na biskuti nane kwa kila mtu. Mapishi ya Tanuri utayafanya mara tatu.

Achari ichujwe na kukaushwa kwa taulo ya karatasi kabla ya kupangwa, iingie kwenye vibakuli. Siki ikitambaa hadi kwenye biskuti umezipoteza. Jibini itoke friji saa tisa ili ilainike. Nyama, labne, samaki na pate vitoke saa kumi kasoro, na visikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Huko Kisumu, siku joto likipita nyuzi 32, uwe muda wa saa moja. Afadhali upange ubao nusu, nusu nyingine ibaki friji ikiwa imeshakatwa, uijazie saa kumi na moja.